Na sisi tunaohesabu, tufanye nini?



Injili ya Dominika hii ya tatu ya Majilio (Lk 3:10-18) ina wenyewe hapa Holili. Watoza ushuru wanamwuliza Yohane Mbatizaji wafanye nini, kisha askari nao wanauliza. Hapa mpakani, malori yanapopanga foleni kuelekea Taveta, watu wa kazi hizo tunakaa nao benchi moja kanisani. Yohane hawaambii waache kazi. Anawataka wasitoze kupita kiwango, wasimdhulumu mtu, waridhike na mshahara wao.

Mwaka fulani, baada ya Misa ya Dominika hii, mzee mmoja aliyepigana vita vya Kagera alinisubiri nje ya sakristia. "Baba Paroko, Yohane amewasahau wahesabu kura." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alikuwa anaiwaza Uganda. Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapa kwetu Moshi, wakaunda UNLF na kumchagua Profesa Yusuf Lule awaongoze. Aprili 11 Kampala ikakombolewa. Lule alidumu siku 68, Binaisa hakumaliza mwaka, kisha Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga ikaandaa uchaguzi wa wabunge wa Desemba 1980. Askari wetu wengi walikuwa wamesharudi nyumbani. Waliobaki waliondoka mwaka uliofuata. Kura zikiwa bado zinahesabiwa, Muwanga alitangaza kwamba ni yeye peke yake atakayetoa matokeo. Akayatoa: UPC ya Obote imeshinda. DP ikalia kuibiwa.

Najua atakayesema padre anaililia DP kwa sababu ilikuwa na Wakatoliki wengi. La hasha. Ingekuwa DP imejishikia daftari la matokeo, ningeandika haya haya. Wala sisi Watanzania tusinawe mikono haraka: Obote alikuwa mgeni wetu Dar es Salaam kwa miaka mingi, na siku ile ya kura bunduki zetu zilikuwa bado kule.

Februari 6, 1981, Museveni, ambaye chama chake cha UPM kilipewa kiti kimoja tu, alivamia kambi ya Kabamba. Vita vikadumu miaka mitano. Mafuvu ya Luweero wengi wetu tumeyaona pichani.

Amri ya saba inakataza wizi, ya nane inakataza uongo. Tunapowaandaa waamini kwa kitubio tunataja kuku wa jirani na mizani ya sokoni. Karatasi ya kura hatuitaji. Mimi mwenyewe sikuwahi kuitaja mpaka siku ile.

Mzee yule ana mwenzake aliyezikwa Kaboya. Lakini hakunijia kwa ajili ya marehemu. Mjukuu wake, mwalimu, alikuwa ameitwa kusimamia kituo cha kupigia kura, naye alitaka niongee naye. Binti alikuja jioni. Akaniuliza: wakimletea fomu iliyokwisha kujazwa wakamwambia atie sahihi, afanye nini?

Nikamwambia asitie.

"Na wakinifukuza kazi, Baba, parokia itanipokea?"

Sikuwa na jibu tayari. Nilimwambia nitaongea na Halmashauri ya Walei, na wiki ile ile nikaenda kuongea nao.