Kwa mnaouliza habari za cheti cha Kijapani

Ndugu zangu wa Busia na Tororo,

 Hapa Osaka simu yangu haipumui tangu mpwa wangu wa Tororo awatangazie kwamba najiandaa kwa mtihani wa ualimu wa Kijapani. Mnauliza mambo mawili. Nianze na linalogusa mfuko: je, cheti hiki kitawafikisha Japani?

Cheti hiki si viza. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2023, ikaanza kazi Aprili 2024, na mtihani wa kwanza ukafanyika tarehe 17 Novemba mwaka huohuo. Haubagui uraia, umri wala kisomo. Lakini unafanyiwa Japani kwenyewe, ada ya mwanzo ilikuwa yeni 18,900, na ukishafaulu bado kuna mafunzo ya vitendo kabla ya kusajiliwa. Maswali yote huulizwa kwa Kijapani. Kwa hiyo wakala anayepita stendi akisema atawaandikisha, mpeni chai aende zake. Mwenye nia aanze na JLPT, ule mtihani wa wanaojifunza lugha, kuanzia ngazi ya N5. Hufanyika Nairobi, mwezi wa Desemba.

La pili: Mwafrika atamfundisha nani Kijapani, na wenyewe wapo? Wenyewe nasoma nao, na wanahangaika kama mimi. Sehemu ya kwanza ya mtihani wa ualimu ni maswali 100 kwa dakika 120, na bila alama 80 hivi hupiti. Sheria za vibali vya ukaazi nazo zimo. Hizo nakariri tu, sizipendi.

Utamu uko kwenye sehemu ya kusikiliza. Inapigwa sauti ya mwanafunzi akisoma sentensi, nawe useme amekosea wapi: amefupisha irabu, amepandisha sauti pasipo pake, au ulimi umekaa vibaya? Mwanafunzi anataka kumtaja babu, ojiisan, irabu inamponyoka anasema ojisan, babu anageuka mjomba. Aliyekulia Kiswahili kitupu huona kazi hapo. Aliyekulia mpakani, akisikia Kisamia jikoni, Kiteso na Kidhopadhola sokoni, Kiganda kwenye matatu za Kampala, sikio lake lilishazoea kupima urefu wa irabu na kupanda kwa sauti.

Kuna pia mada ya watu wanaochanganya lugha. Kitabu kinaieleza kwa istilahi ndefu ndefu. Mimi namkumbuka mbadilisha pesa wa pale Busia: anamwamkia bibi kwa Kisamia, anahesabu noti kwa Kiingereza, anabishana bei kwa Kiswahili, halafu anamrushia bodaboda neno la Kiganda bila kugeuza shingo.

Sasa niwaambie kilichonikosesha usingizi. Katika historia ya ufundishaji wa Kijapani nimesoma kwamba Taiwan ilipotwaliwa mwaka 1895, Wajapani walifungua shule ya lugha yao mwaka huohuo. Nikasoma pia habari za Okinawa: mtoto akiteleza kusema lugha ya nyumbani shuleni, anavikwa kibao shingoni, anakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Jamani! Si ni kilekile tulichovishwa sisi? Nilidhani ni ufundi wa Waingereza peke yao. Nilichapwa kwa kusema Kisamia, na leo ni Kisamia kinachonisaidia kusikia makosa ya Mvietnamu anayejifunza Kijapani.

Kwa hiyo, mpwa wangu, herufi za Kijapani za hiragana na katakana anza nazo sasa, hazihitaji wakala. Nawe dada, usimkataze Mama kuwasemesha watoto Kisamia eti watafeli Kiingereza. Mwache awasemeshe kutwa. Walimu mlio huko, kama bado kuna shule inayovisha watoto vibao, lisemeni kwenye mkutano wa wazazi, na mkitaka nitawaandikia hayo ya Okinawa kwa kirefu muwasomee.

Mtihani wangu ni Novemba. Matokeo nitawatumia, yawe mazuri au mabaya.

Wenu,
Osaka