Chombo Kipya Hutiwa Kalafati

Mafundi wa majahazi wa Lamu hawashushi chombo kipya majini kabla ya kukitia kalafati. Pamba hushindiliwa baina ya mbao, ndipo kikaitwa chombo. Nasema pikipiki rahisi za Kichina, zile zilizoinuka, zipitazo lami na mchanga, nazo zataka vivyo hivyo.

Yangu ni ya CC 200. Injini yake ni ya ukoo wa Honda CG125 ya mwaka 1976, iliyobuniwa Japani kwa ajili ya nchi ambako matengenezo ni haba. Moyo, basi, hauna neno. Kasoro zimo katika vidogo: nati hulegea, spoki hupwaya, cheni huvutika upesi. Fundi wangu alifungua nati moja moja, akazitia gundi ya kuzishika, akazikaza. Oili ya kwanza aliimwaga mapema, maana hubeba unga wa chuma. Kisha akabadili cheni na tairi.

Wako wanaomcheka mnunuzi wa cha rahisi. Mimi simcheki, amenunua kwa kadiri ya mfuko wake. Lakini yafaa aambiwe dukani kwamba kazi haijaisha, asianze kubeba abiria siku ile ile. Wauzaji na wakaze nati mbele yake, na vyuo vyetu vya ufundi viufundishe ujuzi huu kwa heshima ile ile ya useremala wa majahazi.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Asiyekaza nati huchimbiwa mwanandani.