Ukaguzi Usiozaa Kazi

Kufikia mwaka 2013, Wizara ya Maji ilikuwa imekwisha kuorodhesha vituo vya maji vijijini zaidi ya 65,000. Karibu 4 katika kila 10 havikutoa maji. Ramani ilipatikana, lakini ramani haitengenezi pampu.

Leo mkaguzi afikapo kisimani Suguti, mkoani Mara, na kujaza katika simu "haitoi maji", jibu hilo lenyewe halina budi kuzaa amri: fundi atajwe, siku ipangwe, na siku ikipita, taarifa ipande kwa meneja wa RUWASA wilayani. Amri isifungwe mpaka maji yatoke.

Hata hivyo, mtambo hauzai vipuri. Pasipo fungu la matengenezo, amri zitarundikana kama zilivyorundikana takwimu. Fungu litangulie.