Ukuta wa Mataifa Mengi: Nani Ashike Mchoro?

Mwaka 2010 Hanoi ilitimiza miaka 1,000, na katika sherehe zake ikazindua ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwepo tangu zamani: kingo ya zege inayouzuia Mto Mwekundu usifurike mjini, ya kijivu, isiyotazamwa na mtu. Msanii na mwandishi wa habari Nguyễn Thu Thủy ndiye aliyepata wazo la kuuvika vigae vidogo vya kauri, baada ya vyombo vya kale kufukuliwa kwenye ngome ya kale ya Thăng Long, mjini humo. Kazi ilipokamilika, karibu kilomita nne zilikuwa zimefunikwa, na kitabu cha Guinness kikautambua ukuta huo kuwa mozaiki kubwa kuliko zote za kauri duniani.

Walioshiriki ni wasanii wa Vietnam na wa nchi nyingine, watoto, balozi na kampuni zilizofadhili. Hapo ndipo ninapoanza kusita. Sehemu zenye mapambo ya enzi za nasaba za Lý na Trần zinasomeka kama simulizi moja, tena simulizi ya mji ule. Zile zilizokatiwa wafadhili wa kigeni, kila mmoja na mita zake, zinafanana na maonyesho ya biashara: banda hili la nchi hii, banda lile la nchi ile. Vigae ni vilevile, saruji ni ileile, lakini ushirika umeishia kwenye kugawana nafasi.

Miradi ya aina hii inaongezeka, na kila mji unaoandaa mmoja hujisifu kwa idadi ya mataifa. Idadi hiyo haituambii kitu kuhusu ukuta. La kuuliza ni nani alichora, na nani alikubali kuweka kipande chake ndani ya mchoro wa mwenzake.

Puente Alto, kusini mwa Santiago huko Chile, walianza kwa mpangilio ninaoupenda zaidi. Isidora Paz López aliongoza kikosi cha wenyeji kupamba nguzo zaidi ya 80 zinazobeba reli ya metro, wakaweka ndege, maua na wanyama wa Chile. Wageni walikuja baadaye, mwaka 2014, kusaidia kupamba jengo la manispaa. Walikuta watu wanaojua kukata vigae, wanaojua jua la pale na mitetemo ya pale. Mgeni aliyefika kwa mafundi wa namna hiyo hana budi kujifunza kwanza.

Mtu anaweza kuniuliza: basi wageni wasiongoze kamwe? Jibu liko Rio de Janeiro. Jorge Selarón alikuwa Mchile aliyehamia Brazil, na mwaka 1990 alianza kupamba ngazi zilizo mbele ya nyumba yake, kati ya Lapa na Santa Teresa. Ngazi 215 zimejaa vigae kutoka nchi zaidi ya 60, vingi vilivyoletwa au kutumwa na watu waliopita hapo. Vingine alivichora mwenyewe, na katika hivyo picha ya mwanamke Mwafrika mjamzito inajirudia tena na tena. Alipokea vigae vya kila mtu, ila mahali pa kukaa kila kigae alipapanga yeye, na alizoea kuving'oa na kuvipanga upya. Aliishi pale mpaka alipofariki mwaka 2013. Kwa hiyo sibishanii pasipoti. Mchoro ushikwe na mtu atakayepita mbele ya ukuta ule mwakani, kigae kikibanduka akione, na majirani wakinung'unika awasikie.

Pwani yetu inaujua mpango huu siku nyingi. Makaburi ya Kunduchi, Dar es Salaam, yalipambwa kwa bakuli za kaure kutoka China, zikapachikwa na waashi wa hapa kwenye kuta za matumbawe na chokaa. Nakshi ya mbali iliingia ndani ya ramani ya wenyeji. Hakuna anayeyaita makaburi ya Kichina.

Siku hizi msanii halazimiki hata kusafiri. Anabandika vipande vyake juu ya wavu wa nyuzi za kioo akiwa kwake, anaukata, anaufunga na kuutuma. Mwenyeji anapaka gundi ya saruji, anagandisha, kisha anajaza viungio. Ni rahisi, na inawafungulia mlango watu wengi. Lakini aliyetengeneza mbali hajui upepo wa chumvi. Vigae laini vya ndani, vinavyonyonya maji, huenda vikakaa miaka mingi kwenye ukuta wa jiko huko kwake, na vikaanza kupasuka rangi mapema vikiwekwa nje Mombasa au Tanga. Fundi wa Tanga angemwambia, kama angeulizwa kabla ya kifurushi kutumwa.

Kuna na suala la nauli, linalopitiwa haraka mno. Mara nyingi mwaliko hutoa malazi, chakula na vifaa. Tiketi na viza ni juu ya msanii, na kazi hailipwi. Mwenye ajira au akiba Ulaya ataita hiyo likizo yenye maana. Fundi anayeishi kwa kibarua cha kila siku hawezi kuacha kazi wiki mbili, sembuse kununua tiketi. Ndivyo orodha ndefu ya mataifa inavyoweza kuwa orodha ya watu wa kipato kimoja. Mji wowote wa pwani ukitaka mradi kama huu, ningeanza na bajeti: posho ya mafundi wa mtaa iandikwe kabla ya idadi ya wageni, na ibaki fungu la matengenezo ambalo haliguswi siku ya uzinduzi.