Mama mkwe akisema hujampa chakula

Mama mkwe amekula ugali wake saa saba mchana. Saa tisa yuko barazani anamwambia jirani kwamba tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni. Jirani anampigia wifi yako, wifi anampigia mumeo, na jioni nyumbani kuna kesi.

Familia nyingi zimegawanyika kwa jambo la namna hii. Mkamwana anaonekana ana roho mbaya. Dada wa kazi anafukuzwa kwa wizi wa kitenge ambacho bibi mwenyewe alikificha chini ya godoro akasahau. Wengine hufika mbali, wakasema bibi ni mchawi au karogwa. Kabla hamjafika huko, mpelekeni hospitali.

Demensia ni jina la pamoja la magonjwa ya ubongo yanayoharibu kumbukumbu, fikra na tabia. Linaloongoza ni Alzheimer, lililopewa jina la Alois Alzheimer, daktari wa Ujerumani aliyelieleza mwaka 1906. Nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, na hapo presha na kisukari vina mchango mkubwa.

Mzee kusahau alipoweka miwani, kisha akakumbuka baadaye, ni kawaida. Shtuka anaporudia swali lilelile mara tano kwa saa moja, anapopotea njia aliyoizoea miaka yote, anaposhindwa kuhesabu chenji, au mtu mpole anapogeuka mkali bila sababu.

Anza na daktari anayemfahamu, pale anapochukulia dawa zake za presha. Si lazima uanze na bingwa. Si kila anayesahau ana demensia: sonona, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, hata baadhi ya dawa za usingizi na za mzio, huleta hali inayofanana nayo, na mengi ya hayo yanatibika. Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, hiyo ni dharura. Huenda ni maambukizi, sukari imeshuka, au kiharusi. Msisubiri kesho.

Mambo matatu ya kwenda nayo:

1. Daftari lenye matukio na tarehe. "Anasahau sana" haimsaidii daktari. "Jumanne aliacha jiko la gesi linawaka" inamsaidia.

2. Dawa zote anazotumia, zikiwemo za kienyeji.

3. Mtu anayeshinda naye. Mtoto anayemwona Krismasi hadi Krismasi hajui mengi.

Daktari atamuuliza maswali, huenda akamwambia achore uso wa saa, atampima presha na damu, na kuangalia macho na masikio. Usimjibie. Mwache ajaribu mwenyewe.

Ikithibitika ni Alzheimer, hakuna dawa ya kuiponya, ingawa zipo zinazopunguza dalili kwa baadhi ya wagonjwa. Kazi kubwa iko nyumbani. Aamke, ale na aoge kwa saa zilezile kila siku. Usiku acheni taa ya njia ya chooni ikiwaka. Dawa zake zitunzwe na mtu mmoja. Andika namba ya simu kwenye nguo anazotoka nazo.

Msibishane naye. Akisema hajala, ukimjibu "Si umekula sasa hivi!" unaanzisha ugomvi ambao yeye hawezi kuumaliza. Mpe kipande cha papai, muulize habari za shamba lake la zamani.

Watoto nao waambiwe ukweli kwa maneno mepesi: bibi anaumwa, ugonjwa unamsahaulisha, hafanyi makusudi, na bado anawapenda. Waimbe naye, wakae naye. Ila asiachiwe mtoto mchanga peke yake.

Na anayemuuguza naye ni binadamu. Wifi aliyepiga simu ya malalamiko aje Jumamosi ashinde na mama yake, mkamwana apumzike. Akishinda naye kutwa nzima, atajionea mwenyewe.

Mwisho, kikao cha ukoo kifanyike baada ya kutoka kwa daktari, si kabla. Ndugu wakishajua ni ugonjwa, kesi ya chakula inakwisha, mnabaki na kazi ya kupanga zamu.