Ndege ya mtu binafsi ukiikodi, nani anaamua iruke?

Ukikodi Noah yenye namba za njano pale Masasi ikupeleke Chiwata, unajua umepanda teksi bubu. Gari la biashara lina namba nyeupe, trafiki analiona tangu mbali. Kwenye ndege hakuna rangi. Ndege ya tajiri ya kutembelea na ndege ya kampuni ya kukodisha, zikisajiliwa Tanzania, zote zinaandikwa 5H. Zikitua uwanja wa Masasi, kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Tofauti iko kwenye karatasi. Mwenye ndege anaruhusiwa kubeba familia na wageni wake bila malipo. Akianza kupokea nauli, safari lazima iwe chini ya mwendeshaji mwenye cheti cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Wasio na cheti huikabidhi ndege kwa kampuni iliyonacho.

Utata uko hapo, maana kukabidhi siyo kuazima jina la kampuni. Kampuni ndiyo inayoamua safari ianze au isianze, iendelee, igeuzwe au ikatishwe. Inampanga rubani, inahesabu saa zake za kazi, inasimamia matengenezo. Mwenye mali, hata kama kaitolea mabilioni, hana haki ya kumpigia rubani simu na kumwambia, "Mawingu hayo madogo, we njoo tu."

Hayo si makaratasi matupu. Januari 21, 2019, mchezaji Emiliano Sala alipanda ndege ndogo ya mtu binafsi kutoka Nantes, Ufaransa, kwenda Cardiff. Ilianguka baharini usiku, akafa yeye na rubani. Wachunguzi wa Uingereza walikuta rubani ana leseni ya binafsi tu, isiyomruhusu kubeba abiria kwa malipo, na hakuwa na sifa ya kurusha usiku. Ndege nayo haikuwa na kibali cha biashara. Mmiliki hakuwa ndiye aliyepanga safari. Aliyeipanga, David Henderson, alifungwa miezi 18 mwaka 2021.

Yaani mmiliki yuko huku, mpangaji kule, rubani hewani, na hakuna kampuni yenye cheti inayoweza kusema "leo hatuendi". Na bima? Kama safari haikuwa halali, usishangae ikigoma kulipa.

Kwa huku kwetu naona hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu ya umbali. Dar ni zaidi ya kilomita 500, na mwenye haraka akiambiwa kuna ndege ya mtu, "changia mafuta tu", haulizi mara mbili. Hayo mafuta mara nyingi ndiyo nauli yenyewe.

Kabla ya kulipa, uliza mkataba ni wa kampuni gani, na kama namba ya ndege hiyo hiyo imeorodheshwa kwenye cheti chake. Risiti ikija kwa jina la mwenye ndege, wapigie TCAA kwanza.