Mtoto asiwe mkalimani wa mama yake

Katika ukurasa huu wa maoni nataka kuzungumzia kosa ambalo nililifanya mimi mwenyewe, ili lisirudiwe.

Siku moja katika kituo kimoja cha afya, muuguzi aliniita nimsaidie kuelewana na mama kutoka Burundi. Muuguzi alijua Kinyankole na Kiingereza, mimi Kiswahili na Kiingereza, mama Kirundi peke yake. Foleni ilikuwa ndefu. Nikamwita mtoto wake wa kiume, wa miaka kumi hivi, atufasirie. Mama akasema maneno machache kwa aibu, nami nikasikia neno "inda". Mtoto akasema, "Tumbo linamuuma." Mama akapewa albendazole, dawa ya minyoo, akaenda nyumbani.

Usiku aliletwa akiwa anatoka damu nyingi. Ndipo dada mmoja Mrundi alipokaa naye faraghani, akatueleza kwamba kwa Kirundi "inda" ni tumbo, na pia ni mimba. Mama alikuwa na mimba changa, na damu ilikuwa imeanza kabla hajafika kituoni. Angeyasemaje hayo mbele ya mwanawe? Mama alipona, lakini mimba iliharibika. Siwezi kusema dawa ndiyo iliyoiharibu, kwani damu ilitangulia. Ila albendazole haitakiwi kutolewa katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, na damu kwa mjamzito ni dalili ya hatari. Yote mawili hatukuyajua kwa sababu nilimtanguliza mtoto.

Hapa Nakivale tunaishi Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Wapo wanaosema wauguzi wapewe orodha ya mila za kila taifa, basi. Mimi naona orodha haitoshi. Wakati wa Ramadhani, Mwislamu mmoja ataacha kumeza dawa mchana na hatasema. Mwingine anajua kwamba dini inamruhusu mgonjwa kufungua. Utawatofautishaje bila kuwauliza? Vivyo hivyo, Mnyarwanda akisema pumzi zinamkatika, huenda ni pumu. Huenda pia ni kile wanachokiita "ihahamuka", neno lililozoeleka kwa kiwewe baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Kuijua mila ni vizuri, lakini mgonjwa mwenyewe ndiye wa kuulizwa.

Najua wauguzi wetu ni wachache na wagonjwa ni wengi. Lakini haya hayachukui dakika nyingi:

1. Mkalimani awe mtu mzima, na kwa mambo ya uzazi awe mwanamke. Aahidi kutunza siri.

2. Mgonjwa aulizwe faraghani: unaumwa nini, unadhani kimesababishwa na nini, na umeshatumia dawa gani, hata za kienyeji. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa aulizwe kuhusu mimba kabla ya kupewa dawa.

3. Kabla hajaondoka, arudie kwa maneno yake namna atakavyomeza dawa. Akikosea, tumweleze upya bila kumkaripia.

Sisi wahudumu wa kujitolea tuna deni hapa. Kila mmoja aijulishe zamu kuhusu lugha anazozijua, na majina ya wakalimani yabandikwe mapokezi. Ukiitwa kufasiri lugha usiyoijua vizuri, kataa, mtafutwe mwingine. Kukataa si aibu.

Nanyi akina mama na akina baba, mtoto akiambiwa awafasirie, mna haki ya kuomba mtu mzima. Ombeni bila woga. Kusubiri mkalimani nusu saa ni afadhali kuliko kurudishwa usiku kwa machela.